Furushi la Buni Kutoka Kamachumu

"Mama Limi, humo ndani unachoma ngozi ya fisi au unatufukuza mtaani?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Mwamvua, kichwa kimechomoza juu ya ua wa minyaa, khanga puani.

Mimi nimeshika mwiko, machozi yananitoka, moshi umejaa jikoni.

Kikaangoni ilikuwepo bahati yangu. Inaungua. Na wala sikujua.

Ngojeni niwape toka mwanzo.

Ilikuwa hapa Ngokolo, mwaka wa sabini na mbili. Mume wangu alishatangulia, Mungu amrehemu. Binti yangu Limi alishaolewa Mwadui. Nyumbani nilibaki na rozari, kuku na kikaango cha kahawa.

Maana kahawa nilikuwa naijua. Nyie wa kahawa ya kopo mtanisamehe.

Nikienda dukani kwa Fazal sikuchota buni za juu ya gunia. Za juu ni za kufurahisha macho. Nilizamisha mkono mpaka kiwiko, nikatoa za chini, nikanusa. Zikinuka dagaa, zinarudi. Kisha nang'ata moja. Buni mbichi iliyokauka vizuri inagoma, hailegei kwa jino. Ikibonyea ina unyevu, kesho itaota ukungu.

Fazal ananitazama tu. Siku moja akauliza kama nachagua kahawa au mkwe.

"Mkwe nilimpokea bila kumng'ata," nikamwambia. Duka zima likacheka, na habari ikaenea mjini.

Nyumbani nazimwaga kwenye ungo, natoa nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Moja mbovu inaharibu buli zima. Ndipo naziweka motoni, nakoroga bila kupumzika mpaka zianze kualika.

Harufu hiyo ndiyo iliyomleta Eustace.

Eustace alikuwa fundi seremala, mgane, Mhaya wa Kamachumu, aliyekuja kutengeneza mabenchi ya kanisa letu. Kila Jumapili baada ya misa anapita kwangu, anakunywa kahawa, anasema "asante, Mama Limi", anaondoka. Maneno mengine sijui alikuwa anayaacha kwenye mbao.

Mjane hakurupuki. Nikawa namtazama. Hasengenyi mtu, na kikombe anakirudisha jikoni mwenyewe. Nikaanza kumwombea kwenye rozari. Kwanza mwishoni kabisa, baada ya wagonjwa wa hospitali ya Kolandoto. Polepole akapanda, mpaka akawa anawatangulia hata ndugu zangu.

Siku moja akaniambia anakwenda kwao kuzungumza na dada yake mkubwa. Akaweka kofia sawa, akaondoka.

Nikakaa kitandani nikacheka peke yangu kama kigori.

Baadaye Nkwabi, dereva wa lori, akaniletea furushi la majani ya mgomba.

"Mayu, mama yangu, hili la Eustace. Yeye na dada yake wanafika Jumapili."

Nikafungua. Buni. Nikajua hapa napimwa.

Lakini buni gani hizo, jamani? Bado zina maganda, zimekuwa nyeusi, zinanuka majani ya porini. Nikamenya moja, nikang'ata. Haina ule ugumu. Kwa Fazal ningezirudisha bila hata kuaga.

Nikajisemea, maskini, kaibiwa sokoni. Mwanamke mwema hamwaibishi mwanamume. Nitazikaanga kwa ufundi wangu wote, zitoke kahawa.

Nikatwanga kidogo kutoa maganda, nikapepeta, nikaweka motoni. Hapo ndipo Mwamvua alipouliza habari za fisi.

Zilitoka makaa. Nikazisaga, nikachemsha, nikaonja. Yesu na Maria.

Zilibaki chache ambazo hazijamenywa. Mwamvua akaziomba, eti zinanukia dawa. Nikampa, akaondoka nazo kwenye ungo wangu.

Mimi huyo mpaka kwa Fazal, nikachagua buni kuliko siku zote. Sikupanga kusema uongo. Nilipanga kunyamaza, nikamwomba Mungu mtu asiniulize.

Jumapili wakafika. Dada yake, Generosa, mama mrefu, gauni lake la busuti limemkaa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anakagua dari. Akanywa kahawa yangu. Akaomba tena.

Kisha akaweka kikombe chini.

"Sasa mama, lete zile za kutafuna."

"Zipi?"

"Alizokuletea huyu. Kwenye ukoo wetu posa haitajwi kabla wawili hawajatafuna pamoja. Kazichemsha mwenyewe na majani, kazianika mwenyewe, jikoni kwangu, mwanamume mzima."

Nikamtazama Eustace. Anatazama viatu vyake, masikio yamemwiva.

Kumbe zilishapikwa. Kumbe ile ilikuwa posa yangu.

"Nilizikaanga," nikasema.

"Ulizikaanga?"

"Nikazisaga."

"Ukazinywa?"

"Nilijaribu, dada."

Generosa alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipofuta machozi akasema mila ni mila. Bila buni hakuna neno. Watarudi kwao, labda waje tena mwakani.

Eustace akachukua kofia yake.

Mara Mwamvua huyo, kaja kurudisha ungo, mdomo hausimami. Eti tangu jana usingizi hauji. Kafua, kachota maji yake na ya majirani, kagombana na mumewe wakapatana, na bado ana nguvu. Anayasema yote hayo huku anatafuna.

Generosa akainuka. "Mama, unatafuna nini?"

Mwamvua akafungua fundo la khanga. Imebaki moja.

"Inatosha," akasema Generosa. "Tunda moja lina punje mbili."

Eustace akalipasua kwa ukucha wa gumba. Akanipa punje, akabaki na yake. Nikaing'ata taratibu, kwa mazoea, kama niko kwa Fazal. Uchungu kidogo, harufu ya majani, halafu utamu unakuja nyuma.

"Unairudisha guniani?" akaniuliza.

"Hii hairudi," nikamwambia.

Ndoa tulifunga kabla ya Kwaresima.

Wanangu, jicho kali ni zawadi ya Mungu, ila halijui kila kitu. Kigeni kikikufikia mkononi, muulize aliyekileta kabla hujakipeleka motoni. Mimi nilibakiziwa tunda moja kwa sababu ya jirani asiyeona haya kuomba. Si kila mtu ana Mwamvua.

Na yeye siku ile, mwanamke ambaye hata matangani hanyamazi, alipoambiwa kuwa tangu jana alikuwa anatafuna posa yangu, alitazama fundo lake tupu, akatutazama sisi tunavyotafuna, akauchukua tena ule ungo aliokuja kuurudisha, akatoka bila kuongeza neno.