Nyaya za Spika ya Kushoto

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Kitu kikikwaruza mara mbili, mara ya tatu nishakishika. Na redio ya nyumbani kwetu Kisauni ilikuwa ikikwaruza kila siku baada ya sala ya alasiri, kwa sababu huo ndio wakati mama alipokuwa akiiwasha kumsikiliza kaka yangu.

Kaka yangu alifia Uarabuni miaka sita iliyopita. Alikwenda kufanya kazi ya udereva, akakaa miaka miwili, akaugua siku tatu, akazikwa huko huko. Mama hakumwona akikoshwa, wala hakuwaona watu wakimbeba. Alichopata ni simu, na baadaye sanduku la nguo lenye harufu ya sabuni ya watu wengine. Kwenye simu yangu zilikuwemo jumbe zake za sauti, nyingi tu, lakini mama hakuzitaka.

"Huyo ni mtu wa haraka haraka, kazi ishamtoa roho," alisema. "Mwanangu yuko kwenye maulidi."

Maulidi yenyewe ilikuwa sidii ya madrasa, iliyorekodiwa kaka akiwa na miaka kumi na mitatu. Aliyerekodi aliweka maikrofoni mbili, moja kila upande. Kijana mwenye sauti nzuri alisimama katikati akiongoza, na wenzake kama ishirini wakajipanga safu moja wakiitikia. Kaka alikuwa wa mwisho kushoto. Sote tulikuwepo siku hiyo, tulimwona. Mama alishikilia kwamba katika ule uitikiaji anamsikia yeye. Si kumdhania, kumsikia! Alikuwa akiketi mkekani, mgongo ukutani, na ikifika pale ambapo, kwa maneno yake, mtoto anaishiwa pumzi, humwambia, "Taratibu, baba."

Hapo ndipo nilipokuwa nikipandwa na mori. Mimi nimeisikiliza sidii hiyo mara nisizoweza kuzihesabu, na nilichosikia ni kundi la watoto na matari basi.

"Mama, watoto ishirini waimba kwa pamoja. Wako wamjuaje?"

Hujibu bila kunitazama. "Wewe hujazaa."

Neno hilo lilikuwa likinichoma, maana niliolewa nikarudi mikono mitupu, na yeye ajua. Basi mimi huenda jikoni kugongagonga sufuria.

Spika mbili za redio hiyo ni kaka aliyezifunga kabla hajasafiri. Moja aliiweka juu ya kabati, ya pili dirishani upande wa kushoto. Hakuwa na pesa za waya wa maana, kwa hivyo alitumia waya mwembamba wa kengele ya mlangoni, na ulipokuwa haufiki aliuunga vipande vipande kwa plasta. Hewa ya kwetu ina chumvi, haimhurumii mtu. Shaba ikageuka kijani. Sauti ya upande mmoja ikawa yakatika, yarudi, yakwaruza, na mama na magoti yake mabovu huinuka kwenda kuipiga spika makofi. Kumwona vile nilikuwa nikiona haya, nikajiambia lazima nifanye jambo.

Mimi ni dobi katika hoteli moja Shanzu. Mwezi huo ukumbi wa mikutano ulikuwa ukiwekwa vyombo vipya vya sauti, na fundi aliyeletwa, mtu wa bara mwenye maneno mengi na roho safi, alikuwa akitupa vipande vya waya mnene wa spika, shaba tupu ndani. Nilipomwomba hakunizungusha. Alinikatia vipande viwili vya urefu mmoja, akaninyooshea kidole kama mwalimu.

"Sista, sikiza vizuri. Huu waya uko na mstari upande mmoja. Mstari uende kwa tundu nyekundu, huku kwa redio na huku kwa spika, zote mbili. Ukichanganya hapo usinitaje."

Jumamosi mama alikwenda Likoni kumtazama dada yake, nikapata nafasi. Kufika kwenye kazi yenyewe, waya ni mnene kuliko tundu! Nikapunguza nyuzi kwa kisu cha samaki, nikazisokota mpaka vidole vikauma. Mstari kwa nyekundu, mstari kwa nyekundu. Zile nyaya za kaka nilizing'oa ukutani pamoja na misumari yake. Kwenye ncha moja niliona alama za meno. Alikuwa na tabia hiyo, kumenya waya kwa meno, na mama akimgombeza kila mara. Nilisita kidogo, kisha nikazitia kwenye taka, na gari la taka lilipita adhuhuri.

Nilipowasha, wallahi nilicheka peke yangu. Besi ilikuwa besi. Tari lilipiga mpaka kifuani. Na yule kijana mwongozaji akaja mbele, katikati kabisa ya spika mbili, wazi, hata ningeweza kusema amesimama pale juu ya zulia. Redio kuukuu ile! Nikasema leo mama atanibusu paji la uso.

Mama alirudi, akasali, akaketi mahali pake. Nikabonyeza. Alitabasamu mwanzoni, kwa tari. Halafu tabasamu likaondoka. Aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akainamisha shingo. Pale pa kuishiwa pumzi pakapita bila ya "Taratibu, baba."

"Yuwapi?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Umemtoa."

"Nimebadilisha waya tu. Sidii ni ile ile."

"Alikuwa hapa." Aliinua mkono kando ya shavu lake la kushoto, akashika hewa. "Hapa. Umemtoa nyumbani mwangu."

Ningesema nisamehe, mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimechoka, vidole vyaniuma, na badala ya shukrani nashitakiwa. Nikapaza sauti.

"Hakutoka popote! Hajapata kuwemo humo hata siku moja! Mwanao amekufa, amezikwa huko, na wewe wazungumza na redio!"

Mama hakulia. Alishika ukuta, akainuka, akaingia chumbani kwake na kurudisha mlango polepole. Mimi nilibaki nimesimama, na yule mwongozaji aendelea kuimba vizuri tu.

Jumatatu nilimtafuta fundi. Habari za kaka sikumpa, nilimwambia tu kwamba kuna sauti ilikuwa ikisikika zamani na sasa haisikiki.

"Ilikuwa ya mtu wa pembeni?" akauliza.

"Wa mwisho kabisa."

Akacheka. "Basi spika yenu moja ilikuwa imefungwa kinyume, nyekundu kwa nyeusi. Ukifunga moja kinyume, mwenye kusimama katikati anazama, na wa pembeni wanapanda. Ukinyoosha, wa katikati anakuja mbele, anawafunika. Huyo wako hajaenda mahali. Yuko hapo nyuma."

"Kwa hivyo zamani alikuwa akisikika kweli? Si mtu kujitungia?"

"Kweli kabisa. Mwenye masikio anamsikia."

Niliketi juu ya mfuko wa mashuka machafu. Miaka sita mama yangu alikuwa akisikia kitu kilichopo. Na mimi miaka sita, moyoni mwangu, nilikuwa nikimwona amerukwa na akili. Kaka alikosea waya mmoja, na kosa lake ndilo lililomtoa yeye mwenyewe nyuma ya wenzake na kumleta mbele ya mama.

Nilifika nyumbani mama yuko kwa jirani. Spika ya kushoto nikaibadilisha, nyekundu kwa nyeusi, kama kaka alivyoifunga bila kujua. Nikaketi mkekani mahali pa mama, mgongo ukutani.

Mwongozaji akazama. Besi nzuri ikaondoka. Watoto wakapanda kutoka pande zote, wengi, na kati yao mmoja akanijia kando ya shavu. Alikuwa akivuta pumzi kwa pua, kwa kelele, na neno la mwisho la kila mstari akilichelewa kidogo, wenzake washanyamaza yeye ndiyo kwanza amaliza. Ndiye! Lahaula, ndiye! Niligeuka nikautazama mlango. Nilitaka kukimbia na nilitaka kumshika, na sikufanya lolote katika hayo. Nililia mpaka sidii ikaisha.

Mama aliporudi nilimshika mkono, nikamketisha. "Sikiliza sasa, mama. Nimemrudisha."

Alisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Mikono yake ilikuwa mapajani, haikuinuka. Kaka alipita pale kando yake, akaishiwa pumzi, akachelewa neno, nami nikimsikia kama nisikiavyo sauti yangu. Mama alikuwa akinitazama mimi.

"Ndiye," akasema mwishowe. "Ahsante, mwanangu." Akanipigapiga goti, akaenda zake.

Nilifurahi, mjinga mimi. Kesho yake alasiri sikumwona mkekani. Wala kesho kutwa. Siku hizi akimaliza kusali huenda kwa jirani, au hutafuta kazi ya mikono. Nikimwambia, "Mama, nikuwekee maulidi?" hujibu, "Weka wewe, mwanangu, sikiliza wewe." Na mimi huweka. Sijui nifanye nini kingine. Nikitoka kazini sitaki hata kunywa maji, nataka kuketi pale, na nikishaketi naogopa, na nikiogopa siinuki.

Wiki iliyopita sikuweza kuvumilia tena. Niliiacha redio ikiimba, nikamfuata jikoni, alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi.

"Mama, mbona huji tena kumsikiliza?"

Hakuacha kukuna. "Ulisema kweli siku ile. Nilikuwa nikijidanganya. Mwanangu amezikwa."

Neno hilo hakuwahi kulitamka, si siku ya simu, si siku ya sanduku.

"Yumo, mama. Wallahi yumo. Ni waya tu ndio uliomficha. Namsikia mimi mwenyewe kila siku, anavuta pumzi kwa pua, achelewa..."

Aliweka kifuu chini. Akaninyooshea mkono wenye nazi, akanishika shavu kwa upole, namna anavyowashika wagonjwa.

"Wanihurumia," akasema. "Usijitaabishe, mwanangu. Mimi nishaelewa."

Kisha akarudi kukuna nazi. Sebuleni kaka alikuwa bado anaimba, na mle ndani ya nyumba mimi peke yangu ndiye niliyemsikia.