Swichi ya Chumba cha Giza

Christiane Ntumba alizaliwa Kamalondo, na mtoto wa Kamalondo hafundishwi hili, anakua nalo: umeme ukikatika, swichi haizimwi. Inaachwa vilevile, ili taa yenyewe itangaze umeme ukirudi. Kwa miaka arobaini na sita mkono wake umefanya hivyo bila kumwomba ruhusa.

Kazi yake ilikuwa kwenye maabara ya chuo. Alichunguza bakteria wa kijani aliowachota ziwani Karavia, wale wanaokula mwanga kama majani. Ndani yao huandikwa barua ndogondogo, ARN mjumbe, zinazoamuru kipi kitengenezwe. Baadhi ya barua hizo, mwangani huoza kwa dakika chache. Gizani hukaa saa nyingi, zikingoja kuche. Zinakaa muda gani hasa? Miaka tisa ya masomo yake ya udaktari iliishia kwenye swali hilo.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Dawa ya kuwazuia bakteria wasiandike barua mpya, ili zipimwe zilizokwisha andikwa tu, ilibaki kidogo. Na chuo kilishamwambia: mwezi ukiisha bila matokeo, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wanafunzi. Asubuhi akaimimina yote kwenye chupa za bakteria, akaziweka kwenye chumba kisicho na dirisha. Umeme haukuwapo tangu alfajiri; akasema heri, leo giza la mji huu lina faida. Chupa hakuzifunika kuzikinga na mwanga. Wakati wa kutoka, mkono wake ukabonyeza swichi upande wa kuwasha, kama ilivyo nyumbani. Taa haikuwaka, naye akafunga mlango akaenda zake. Mazoea yana taabu, jamani.

Mchana alikwenda getini kunywa chai kwa Mama Julienne, muuza mikate. Mara redio ya jirani ikalia, watu wakapiga makofi.

"Courant imerudi," Julienne akasema.

Christiane naye akafurahi, maskini. Akaomba kikombe cha pili, akachomeka simu yake. Alifurahi dakika ishirini nzima, na mimi hapo ndipo panaponiuma kuliko pote.

Aliporudi aliona mwanga chini ya mlango.

Hakuhitaji kupima. Alisimama mbele ya chupa zile, nzuri na za kijani, akajua hazina tena cha kumwambia. Kunda, mwenzake wa maabara, alimhurumia akamvuta kando.

"Andika tu ma-chiffre, namba zozote, Mama Christiane. Ni nani atajua?"

"Mi nitajua," akasema.

Akafunga daftari, akarudi Kamalondo kwa miguu.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika tena. Mama yake mzazi, Virginie, alikuwa amekaa kwenye kiza cha jioni akimenya mihogo. Christiane aliiona swichi, imeachwa kama siku zote. Akaizima.

"Sasa tutajua namna gani kama courant inarudia?" mama akauliza.

Christiane akasogea karibu yake. Akaketi, akalia. Virginie akainuka polepole, akapapasa ukuta, akairudisha swichi ilivyokuwa.