Mtungi Uliokataa Kuchachuka

Katika nyumba niliyokulia, pombe haikuharibika. Iliharibiwa. Tofauti hiyo niliijua kabla sijajua kusoma, kwa sababu bibi yangu, ambaye tulimwita Kogo kama Wakipsigis wote wanavyomwita bibi, hakukubali kwamba mtungi wa maiyek, ile pombe yetu ya wimbi, unaweza kukosea wenyewe. Mtungi ukilala kimya pale ulipopaswa kutoa povu, Kogo hakuuliza nini kimetiwa ndani. Aliuliza nani ameingia.

Nilikuwa mtoto wa umri wa kuchunga ndama, wakati wa Mwingereza, kwenye mteremko mmoja karibu na Sigowet. Ng'ambo ya bonde chai ya Wazungu ilikuwa imekwisha kufunika kilima. Upande wetu bado tulikuwa na wimbi na mahindi. Jina langu ni Kiprono, maana nilizaliwa saa ambayo mbuzi hurudi nyumbani. Nalitaja kwa kuwa nitataja na majina mengine, nami napenda kila jina likae mahali pake.

Dada yangu Chepkemoi alikuwa ameposwa. Wazee wa upande wa mvulana walikuwa wamekuja mara kadhaa, na sasa walikuwa wanakuja kwa neno la mwisho. Neno la namna hiyo halikutolewa kwa midomo mikavu. Wazee waliketi kuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na pande zote mbili zilipokwisha kuvuta kutoka mtungi huo ndipo msichana alipohesabiwa kuwa ametolewa. Pombe ikikosekana, wageni wangerudi kwao wakijiuliza ni kitu gani nyumbani kwetu kinachoikataa ndoa ile.

Mama alisaga, akachota maji, akakaanga unga uliochacha juu ya bati kubwa. Lakini kimea, yaani punje za wimbi zilizoloweshwa, zikaota, kisha zikakaushwa, ambazo ndizo huichachusha pombe, hakukigusa mtu isipokuwa Kogo. Msimu huo mvua ilitunyima nafasi. Anayeijua nchi yetu anajua jinsi jua la asubuhi linavyodanganya. Mchana wingu hupanda kutoka upande wa ziwa, na alasiri huanguka mvua ya mawe. Kimea kilianikwa, kikaanuliwa, kikaanikwa tena, mpaka kikaanza kunuka uvundo. Mwishowe Kogo alikimimina juu ya lile bati la kukaangia, likiwa bado motoni, akakigeuza geuza mpaka kikakauka. Kilitoa harufu nzuri sana. Niliiba konzi moja nikatafuna, na kilikuwa kitamu kama mahindi ya kuchoma.

Pombe inayochachuka ina sauti. Ukiinamia mtungi unasikia kitu kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Asubuhi Kogo alipoondoa kifuniko, akainamisha sikio, hakusikia kitu. Mama naye akainama. Juu palikuwa na maji ya kijivu yaliyotulia kama dimbwi la ng'ombe.

Kogo akauliza nani alikuwa ameingia.

Aliyeingia alikuwa jirani yetu Bot Chelangat. Jina hilo maana yake ni mama wa Chelangat. Jina lake mwenyewe lilikuwa Tapkigen. Nyumba yake ilikuwa chini ya yetu, karibu na mto, na alikuwa rafiki wa Mama. Waliendea kuni pamoja. Siku mtungi ulipojazwa, alikuwa amekuja kuomba kaa la moto kwa sababu mvua ilikuwa imezima moto wake. Aliuona mtungi, akasema ni mkubwa na umejaa vizuri, akachukua kaa lake akaenda.

Kwetu, mtu akisifu kitu cha mwenzake, awe mtoto mnene au ndama au chungu kilichojaa, hutema mate kidogo, tone tu, ili sifa isidhuru. Tapkigen hakutema. Siku hizo alikuwa ameanza kwenda misheni, na huko wanawake walikuwa wameambiwa kwamba kutema mate ni ushamba.

"Alisifu, akafunga mdomo," Kogo alimwambia Mama. "Nilikuwa nimeketi hapo ulipo. Nilimtazama mdomo."

Mama akasema labda ni baridi. Kogo akamjibu kwamba baridi ilikuwa juu ya kilima kile tangu siku alipoolewa yeye, na pombe ilikuwa ikiinuka.

Ni lazima nieleze mambo yalivyokuwa kwa mwanamke aliyesemwa kwamba ana jicho, lile linalodhuru kinachotazamwa. Hakupigwa wala hakufukuzwa. Aliachwa tu. Akipita njiani, mama humfunika mtoto wake kwa shuka. Ng'ombe hukamuliwa akishapita. Akija kwenye sherehe hupewa kiti kizuri, mbali. Na binti yake, hata awe mzuri namna gani, hapati wakwe kirahisi, maana nani ataleta jicho hilo karibu na wajukuu wake? Tapkigen alikuwa na binti mmoja, Chelangat, na siku hiyo alipoitwa alikuja amembeba mgongoni.

Kogo alimkaribisha kwa adabu. Akamweleza kuhusu mtungi, akamweleza kuhusu wageni, kisha akasema, "Bot Chelangat, tunakuomba mate."

Tapkigen alimtazama Mama. Mama alikuwa anatazama mafiga.

"Mimi sina ubaya na nyumba hii," akasema.

"Nani ametaja ubaya? Jicho halimwombi ruhusa mwenye nalo."

"Na nikikataa?"

"Basi tutajua unataka Chepkemoi azeekee hapa."

Nilikuwa mdogo, lakini niliuona mtego. Akitema na pombe ikainuka, jicho ni lake. Akikataa, jicho ni lake na roho mbaya juu yake. Nadhani naye aliuona, kwa sababu alisimama muda mrefu akimrekebisha mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa amekaa vizuri. Kisha akainama juu ya mtungi akatema kidogo, akatoka bila kuaga.

Asubuhi hiyo hiyo Mama alichukua kikapu, akasema anakwenda kumwona dada yake ng'ambo ya kilima. Alirudi na kimea cha dada yake. Kilikuwa cheupe kuliko chetu. Alikimimina mtungini wakati Kogo ametoka kuangalia mbuzi, akakoroga, akaniona namtazama, akaniambia niende kwa ndama.

Kesho yake mtungi ulinong'ona. Povu lilipanda mpaka likasukuma kifuniko. Wazee walikuja, wakavuta, wakasifu, na Chepkemoi akatolewa. Kogo aliwasimulia wageni habari ya jicho la jirani bila chuki yoyote, kama mtu anavyosimulia jinsi alivyotoa mwiba mguuni. Hata kabla ya mavuno hapakuwa na mtu kati ya kwetu na Sigowet asiyejua. Baadaye mume wa Tapkigen alihamisha nyumba yake mpaka Siongiroi, huko Chepalungu, ambako wakati huo kulikuwa bado na msitu mwingi na watu wachache. Tangu hapo Mama aliendea kuni peke yake. Sikumsikia akilitaja tena jina la rafiki yake.

Nilikwenda shule, nikawa karani, nikastaafu. Kogo alikufa, na baada ya miaka mingi Mama naye akamfuata. Mwishoni mwa miaka ya tisini, ule mwaka mvua zilipobeba madaraja, binti yangu wa mwisho alikuwa anaposwa. Sisi ni watu wa kanisa, na wageni wetu huwapa chai na soda. Lakini babu ya kijana alikuwa ameomba kwa unyenyekevu mtungi mdogo kwa ajili ya wazee, nyuma ya nyumba, na mke wangu Esta alikubali, ingawa pombe ya kienyeji ilikuwa imekatazwa, mradi chifu aje kama mgeni na si kama chifu.

Jua halikuonekana. Esta alikausha kimea kwenye karai juu ya moto, maana kungekuwa na njia gani nyingine? Na mtungi ukanyamaza. Kufikia mchana wanawake jikoni walikuwa wameanza kutaja walioingia, na jina lililobaki mdomoni lilikuwa la Mama Akinyi, mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa akinunua maziwa kwetu kila siku. Shemeji yangu alisema watu wa ziwa huwezi kujua wanakuja na nini. Miaka hiyo ya mapigano ya makabila neno kama hilo liliweza kutoka jikoni na kufika barabarani likiwa limeshika panga.

Mimi si mtu wa kuingia jikoni. Siku hiyo niliingia, na kilichonisimamisha mlangoni ilikuwa harufu iliyobaki kwenye karai, ile harufu tamu ya kukaangwa. Niliinusa kwa muda. Kisha nikasema nina ombi moja: asiitwe mtu yeyote, lisifanywe jambo lolote, ila kinunuliwe kimea kingine sokoni Sigowet, kilichokaushwa juani kabla ya mvua hizi, kitiwe humo.

"Mzee, tangu lini ukajua pombe?" shemeji akauliza. "Hata chai huwezi kujipikia."

Wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Kimea kilinunuliwa, kikatiwa. Asubuhi mtungi ulikuwa unasema. Hakuna aliyetema mate. Hakuna lililobadilishwa ila kitu kimoja, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile ya utotoni yalibadilishwa mawili, mate na kimea, na sifa ikaenda kwa lisilohusika. Moto ulikuwa umekiua kimea cha Kogo. Harufu tu ndiyo iliyobaki hai.

Mvua zilipopungua nilisafiri mpaka Siongiroi.

Nilimkuta Tapkigen ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya Chelangat, amegeuzia ua mgongo, uso kwenye shamba la mahindi. Alikuwa mzee sana. Alikuwa amebatizwa Marta, lakini nilipomsalimu kwa jina la Tapkigen aligeuka upesi, kama mtu aliyeitwa na anayemdai. Aliniuliza mimi ni wa nani. Nilipomwambia, aliuliza nani amenituma.

Nilisema sikutumwa. Nikamweleza yote: mvua, bati, kimea cheusi, karai la Esta, mtungi wetu ulioinuka bila mate ya mtu. Alisikiliza bila kunitazama.

"Kogo yako alikuwa ameketi pale," akasema. "Aliniona."

"Aliuona mdomo wako, mama. Hakukiona kimea."

"Nilitema mate, pombe ikainuka. Nilisikia wazee wakiimba."

"Mama alikuwa ameongeza kimea kingine. Cha dada yake."

Kuku walipita kati yetu.

"Alijua?" akauliza.

Nilisema sijui, na huo ndio ukweli mpaka leo. Mkamwana wa siku zile hakumwambia mama mkwe, "Umeunguza kimea," wakwe wapya wakiwa njiani. Huenda Mama alijua. Huenda pia aliongeza tu, kama mtu anavyoongeza chumvi.

Nilidhani atafurahi, au atalia, au atamlaani Kogo. Alisema tu kwamba hajawahi kumtazama mtoto wa Chelangat akiwa mchanga. Hata mmoja. Walipozaliwa alikwenda shambani, na alirudi nyumbani usiku kulala, mpaka walipoota meno. Mwanzoni hakuamini kwamba ana jicho, akasema. Lakini mtungi aliuamini, kwa sababu mtungi haukuwa na sababu ya kumchukia.

Ndani ya nyumba kulikuwa na mtoto analia, kitukuu chake. Nikamwambia sasa anaweza kuingia akamwone.

"Wewe umesoma," akanijibu. "Waliosoma wana sababu ya kila kitu. Sasa ukiwa umekosea, ni mtoto wa nani atakayeugua? Wako, au huyu?"

Nilikuwa na hakika kabisa, lakini hakika yangu ilikuwa ya mtu ambaye jioni ataondoka na kurudi kwake.

Chelangat alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amesikia kila neno kutoka jikoni. Aliniuliza kama ni kweli ilikuwa kimea, nikamwambia ni kweli. Alitembea kidogo, kisha akasimama.

"Usiseme habari hii hapa," akasema. "Siongiroi hakuna anayejua. Ukiwaambia mama hana jicho, watauliza ni nani aliyesema analo."

Nilimwahidi, na ahadi hiyo niliitunza mpaka Tapkigen alipofariki. Niliketi miongoni mwa waombolezaji nikamsikiliza mhubiri akimsifu kwa bidii yake ya kazi. Hata wajukuu walipozaliwa, alisema, Mama Marta hakuweka jembe chini. Watu wakaitikia amina. Chelangat hakuitikia, wala mimi.

Sasa ninaandika, kwa ruhusa ya Chelangat, na jina nimelitaja kama lilivyokuwa. Nimewafikiria wanawake wale watatu kwa muda mrefu. Kogo hakuwa mwongo, alisema alichokiona. Mama hakuwa adui. Alimpenda jirani yake. Mmoja alikuwa na hakika, mwingine alikuwa na adabu, na kati ya wawili hao Tapkigen alikaa shambani maisha yake yote, akisikia watoto wa damu yake wakilia ndani ya nyumba.