Mtandio Uliobaki Chini ya Kitenge

Nakumbuka siku tuliyokuwa wanne botini, nami nawataja wote ili usidhani nasimulia ya kuambiwa. Alikuwepo Shabani, mshika injini. Alikuwepo Bukuru, mvuvi kijana, amelala sakafuni, na mama yake pembeni. Wa nne ni mimi, binti niliyeacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu watatu. Huduma ya kwanza nilifundishwa zahanati, na kazi yangu ilikuwa kusindikiza wagonjwa kutoka Mwamgongo hadi Kigoma mjini.

Mapanga ya injini, yale yanayozunguka majini, yalikuwa yamemchana Bukuru mguu chini ya goti, damu inaruka. Nilivua mtandio wangu, nikaufunga juu ya goti, nikaukaza kwa kijiti mpaka damu ikakoma. Kidonda nikakifunga bendeji. Hapo sikukosea, mwanangu.

Kosa liliingia kwa mlango wa heshima. Suruali ilikuwa imechanika yote, na mama yake alikuwa amegeukia maji, maana mama hatazami utupu wa mwanawe mtu mzima. Nikaomba kitenge chake, nikamfunika Bukuru kiunoni hadi magotini, nikakipenyeza vizuri pande zote.

"Mungu akustiri na wewe, binti," akasema yule mama.

Hospitali tulipokelewa na Sista Velena, muuguzi wa makamo. Nikamwambia, "Damu imekata, kidonda nimefunga." Akatazama bendeji, kavu. Wagonjwa walikuwa wengi, akamlaza asubiri daktari. Bukuru mwenyewe alikuwa amelegea, hawezi kusema. Nikaondoka kwenda nyumbani, mtaa wa Rusimbi, kuwapikia wadogo zangu, nimejaa sifa.

Njiani muuza samaki mmoja, wa migebuka, akaniita. "We dada, leo kichwa wazi? Mtandio umempa mchumba?"

"Nimemfungia mtu mguu."

"Basi kaudai, jua kali hili."

Nilicheka, kisha nikakumbuka. Mtandio ulikuwa bado umekazwa pale pale, umefunikwa, na pale wodini hakuna aliyejua. Mguu usiopata damu hufa, na saa zilikuwa zimekwenda.

Nilikimbia mpaka wodini. "Sista, juu ya goti, chini ya kitenge, nimekaza tangu saa tatu asubuhi."

Akafunua. Mguu ulikuwa na rangi ya majivu. Akamwita daktari, wakamsukuma Bukuru mbio chumba cha upasuaji. Sista aliporudi aliniketisha kwenye benchi.

"Binti, mikono yako imefanya kazi ya watu wawili. Mdomo wako umeniletea nusu ya mgonjwa. Kwa nini hukusema?"

"Niliona nimemstiri, Sista. Sikutaka afunuliwe tena mbele za watu."

"Kitenge kinatosha kumstiri. Kunyamaza kwako kulikuwa kunamkata mguu."

Kesho yake alinituma tena botini.

Mguu haukukatwa, namshukuru Mungu, ila wayo haunyanyuki vizuri hadi leo, anauburuta mchangani. Bukuru anavua, ana mke na watoto. Nikishuka Mwamgongo huniletea samaki na kuwaambia watu, "Huyu dada ndiye aliyeniachia mguu." Kuchechemea kwake anadhani ni kwa mapanga ya injini, si kwa mtandio wangu.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Wewe mwanangu unayeanza kazi hii, funika mwili wa mgonjwa, usifunike ulichomfanyia. Ukikaza kitambaa, andika saa kwa kalamu kwenye paji la uso wake, hata wakwe zake wacheke. Vijana niliowafundisha hufanya hivyo, na nimeona watu wakirudi kijijini kwa miguu yao miwili, wino bado haujafutika. Ukimkabidhi mgonjwa, usiondoke mpaka anayempokea arudie maneno yako kwa kinywa chake. Na ukikosea, rudi mbio. Aibu ya kurudi ni ya siku moja tu.

Mungu aipe mikono yako wepesi na ulimi wako ujasiri, na kila unayempakia ashuke akiwa hai.

Nami uniombee. Jumatatu boti inakwenda Mwamgongo, na Bukuru atakuwa ufukweni. Miaka yote hii ananidai neno moja, wala hajui kwamba anadai.