Pistoni Niliyopewa Mkononi

Injini ile ilikuwa ya baba yangu. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikokulia, ilizungusha mashine yake ndogo ya kusaga mahindi, na siku tuliporudishwa Burundi aliipakata kwenye lori kama mtoto mgonjwa. Mashine yenyewe ilibaki huko. Injini ikaja, ikalala uvunguni mwa kitanda miaka mingi bila kazi, hadi baba akafariki nami nikairithi.

Sikujua niifanyie nini. Mimi si mtu wa kukaa. Nimeendesha malori ya watu, nimeuza vitunguu, nimelinda majumba, na kila nilipohama niliihamisha. Kisha, nikiwa mlinzi Gitega, mtaa wa Musinzira, mwenye nyumba akaniachia kigari kilichokuwa kinaozea nyuma ya banda: fremu ya bomba, viti viwili, magurudumu manne madogo yenye meno makubwa ya kupita njia mbaya, hakina paa wala milango. Injini hakikuwa nayo. Nikakifungia ile ya baba. Jumapili nilikipandisha vilimani, kwenye njia za mbuzi, nikisikia mgongoni mlio uleule ulioniamsha utotoni. Watu waliona mtu mzima anayecheza. Sikuwaeleza.

Kiangazi kimoja injini ikaanza kutoa moshi wa buluu na kukosa nguvu mlimani. Gitega mafundi wapo, tena wazuri. Lakini nilikipakia kigari kwenye lori la maharage hadi Muyinga, kwa sababu huko ndiko alikokuwa rafiki yangu. Kambini tuliishi mlango kwa mlango, na mama yake alinipakulia ugali bila kuuliza kama nimekula kwetu. Sasa alikuwa na gereji karibu na soko. Sikuona mikono mingine ya kukabidhi injini ya baba.

Aliisikiliza kidogo, akaizima.

"Nenda sokoni utafute mnyororo," akasema. "Huu umelegea. Mimi naifungua nijue inaumwa nini."

Niliporudi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Huku kwetu fundi mwaminifu hakuambii tu kwamba kifaa kimekufa. Anakuwekea mkononi ukione mwenyewe. Akaniwekea pistoni kiganjani. Ilikuwa nyeusi, imechubuka upande mmoja, ringi zinazoizunguka zimevunjika.

"Imekula silinda yote," akasema. "Pole, ndugu yangu. Mzee alikuwa ameshaichosha."

Nikaitika pole yake. Silinda sikuomba kuiona.

Alikuwa na injini nyingine, iliyotoka kwenye mashine ya kulimia, zile za kusukuma kwa mikono. Tukaanza kuifunga. Matundu ya kitako chake hayakulingana na ya fremu, kwa hiyo tulikata bamba jipya la chuma, tukalitoboa, tukalichomelea. Kisha ukaja mnyororo, ambao ukipinda kidogo tu unaruka njiani. Yeye alilala chini na ubao ulionyooka, akaulaza kutoka gia ya injini hadi gia ya ekseli, mimi nikisogeza injini kwa nyundo.

"Kushoto kidogo. Kidogo nimesema, siyo mpaka Ngozi mjini."

"Wewe huko chini umelala tu."

"Nimelala kwa akili. Gonga."

Siku ya pili tukavuta kamba, ikawaka. Nikakaa kwenye kiti, nikakanyaga mafuta, na kigari kikarudi nyuma. Kilirudi kwa nguvu, moja kwa moja kuelekea meza ya mama mmoja aliyekuwa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo ya njia. Nilifunga breki zimebaki hatua mbili. Yule mama hata hakuinuka.

"Nyinyi watu wa Tanzania," akasema, "hata motokari yenu iko inarudi tu kwenu."

Gereji nzima ilicheka, na rafiki yangu akacheka hadi akashika ukuta. Injini ya kulimia ina sanduku la gia mbele, akanieleza, na gia hizo zinageuza mzunguko. Tuliifungua tena, tukaigeuza itazame upande wa pili, tukahamisha gia ya ekseli kutoka kulia kwenda kushoto. Siku ya tatu kikaenda mbele. Alikimbia pembeni yangu hadi mwisho wa barabara, kandambili mkononi, akipiga kelele nikaze. Niliposhuka nilimkumbatia.

Mabaki ya injini nilimwachia kama chuma chakavu. Pistoni niliifunga kwenye kitambaa, nikarudi nayo Musinzira, nikaiweka dirishani. Aliyeuliza nilimwambia, huyo ni mzee wangu.

Mwaka uliofuata nilipita tena Muyinga, nikaendelea hadi Butihinda, ambako familia ya rafiki yangu ilirudishiwa shamba lake, kumsalimu mama yake. Nilibeba sukari na sabuni kwenye kigari, nikakizima njiani. Kabla sijaufikia ua nikasikia mlio. Injini nyingi zinafanana, nikajiambia. Lakini ya baba ilikuwa na tabia yake: mahindi yakiingia mengi ilizama, ikakohoa mara moja, ikapanda. Ikazama. Ikakohoa. Nilipoingia niliiona chini ya kibanda cha mabati, na ubavuni kifuniko chake kilikuwa na vitundu alivyotoboa baba kwa msumari ili ipate upepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?" Akaizima ili tusikilizane. Wanawake watano walikuwa wanangoja na mabeseni ya mahindi. "Ndugu yako kaniletea mashine. Sitwangi tena, na majirani wote wanakuja kwangu. Anasema aliitafuta sana." Akaipangusa unga kwa kitenge chake. "Inalia kama ile ya marehemu baba yako, Mungu amlaze pema. Husikii?"

"Nasikia, mama. Zinafanana."

Alinilazimisha kula. Nilikula.

Rafiki yangu nilimkuta gerejini, chini ya pikipiki.

"Nimetoka Butihinda," nikamwambia.

Aliiweka spana chini polepole, akatoka, akakaa.

"Silinda?" nikauliza.

"Ilikuwa nzima. Ilitaka ringi tu."

"Na ile pistoni?"

"Ya pikipiki ya mtu."

Mwaka mzima niliiomboleza pistoni ya mtu nisiyemjua.

"Ungeniomba," nikasema.

"Ungenipa?" Akanitazama. "Ungesema ni ya mzee. Ungeendelea kuizungusha vilimani mpaka ife kweli. Wewe hukai mahali, kaka. Injini ya kusaga unaipeleka matembezi, na mama yangu anatwanga kwa mikono."

Ulikuwemo ukweli, na ndio ulionichoma zaidi, kwa kuwa aliutoa baada ya kukamatwa. Angeutoa siku ile, nikiwa nimesimama na mnyororo wa sokoni begani, labda ningekasirika, labda ningempa. Sasa hatutajua kamwe, yeye wala mimi.

"Ulinipa pole," nikamwambia. "Ulinitazama usoni ukanipa pole."

Alijipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Kisha akauliza lile lililokuwa linamsumbua.

"Mama umemwambia?"

"Sijamwambia."

Mabega yakamshuka. "Asante, ndugu yangu," akasema.

Injini nilikuwa nimeshamwachia mama yake moyoni tangu nilipoyaona yale mabeseni, na hilo halikuhitaji shukrani. Alichonishukuria ni kunyamaza kwangu, kana kwamba tuliupanga uongo pamoja. Nikapanda kigari nikaondoka.

Mama yake nampigia simu hadi leo. Namuuliza mashine inaendeleaje, naye ananisimulia kwa furaha nani amekuja kusaga na mahindi ya nani yalikuwa mabichi. Nasikiliza mpaka amalize. Yeye rafiki yangu simpigii.