Kichwa cha Kuazima

Mwalimu Scholastika Mkude hapigi X. Katika shule yetu ya sekondari hapa Mlali, sisi wengine tukikutana na jibu bovu tunalikata kwa wino mwekundu na kuendelea na maisha. Yeye huanza juu kabisa, anateremka mstari kwa mstari na kalamu yake ya kijani, mpaka afike pale mtoto alipoanza kukosea. Hapo anachora duara dogo. Yaliyo chini ya duara hayagusi.

"Umepotea hapa," anamwambia mtoto. "Kutoka hapa umetembea vizuri tu, ila njia si yenyewe. Rudi uanzie hapa."

Mimi nafundisha historia. Hesabu tuliachana zamani, bila ugomvi, na hatujatafutana. Lakini meza yangu na ya Scholastika zimepakana katika ofisi ya walimu, na kwa kuyatazama yale maduara mwaka baada ya mwaka nimeanza kuwaonea wivu watoto wa siku hizi.

Ni mwanamke mfupi, sauti yake ya chini, na hapendi kuulizwa habari zake. Amezaliwa Matombo, upande wa pili wa milima ya Uluguru, kwa wazazi waliolima ndizi na mananasi. Alianzia kazi Turiani, kwenye joto la miwa, kisha akahamishiwa kwetu. Tangu aje, kidato cha tatu na cha nne wana mwalimu wa hesabu anayeingia darasani kila kipindi, jambo ambalo shule nyingi za vijijini hulisikia kwa jirani.

Kila Ijumaa baada ya vipindi hufungua anachokiita kliniki. Sharti lake ni moja: haruhusiwi mtu kuleta swali alilopata. Unaleta ulilokosa, unaliandika ubaoni, na mwenyewe unawaonyesha wenzako ulipopotea. Mwanzoni watoto walikuwa wanakufa kwa aibu. Sasa wanagombania chaki.

Na kabla kidato cha nne hawajachagua tahasusi zao, yaani masomo matatu watakayoyabeba kidato cha tano na cha sita, huwachorea mlima ubaoni. PCM, fizikia na kemia na hesabu, ni njia ya kupanda wima. PGM inaweka jiografia mahali pa kemia, na EGM inaleta uchumi. Hizo zinazunguka kidogo, lakini hesabu yake ni ileile na juu zinafika. Wanaochukua baiolojia wana hesabu yao ya pembeni inayoitwa BAM, na wasijidanganye, nayo ina mawe. Mwisho ni HGL, ya historia, jiografia na Kiingereza.

"Hiyo haina hesabu hata ya dawa," husema. "Muulizeni Mwalimu Hafidhi." Basi darasa zima linanigeukia pale mlangoni kwa huruma.

Mwaka huu kulikuwa na binti anaitwa Upendo, mtoto wa Wilfred seremala. Alifaulu vizuri, na katika hesabu alipata B, ambayo kwa shule yetu ni sherehe. Alikuwa amechagua PGM kwa sababu anataka kusomea upimaji wa ardhi. Matokeo yakishatoka, serikali huacha dirisha wazi mtandaoni kwa muda, ili anayetaka kubadilisha tahasusi abadilishe. Siku chache kabla dirisha hilo halijafungwa, Upendo aliingia ofisini kwetu, akaamkia, akasimama mbele ya meza ya Scholastika akiikunjakunja kanga yake.

"Mwalimu, mjomba anasema nibadilishe. Niweke HGL."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi naitaka hesabu." Machozi yakamlengalenga. "Lakini mjomba ameshasema."

Mkuu wetu wa shule ni mtu wa Bukoba na alikuwa mgeni bado. Aliposikia, akafanya ambalo kwao lingekuwa sawa kabisa: akamwita baba. Wilfred akaja na vumbi la mbao nyweleni, akasikiliza kwa heshima, akasema anafurahi sana mwanawe kusoma hesabu, anaunga mkono kwa asilimia mia. Mkuu akamshika mkono. Jambo limekwisha, akasema.

"Halijaanza, mkuu," Wilfred akamjibu kwa upole. "Mimi ni baba tu."

Mkuu alicheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Huku kwetu Uluguru mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama yake, na msemaji wa ukoo juu ya mtoto ni mjomba. Baba anapendwa, anatunzwa, anapewa kiti kizuri. Ila kauli si yake. Nilivyokuwa na hasira siku ile, nilimwambia Scholastika kwamba mimi kama mwanahistoria ningependa kuwaona wajomba wote wamewekwa makumbusho.

"Wewe mwenyewe ni mjomba wa watoto wangapi?" akaniuliza.

Jumamosi asubuhi tukapanda bodaboda, yeye yake na mimi yangu, kuelekea Mgeta, juu milimani anakoishi mjomba. Mjomba Lukasi tulimkuta kijitoni chini ya matuta yake, suruali imekunjwa hadi magotini, anaosha karoti kwa kuzikanyaga ndani ya gunia. Upendo alikuwa pembeni akizisuuza. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma na karoti zilitoka humo zinang'aa. Ni mtu mrefu, mpole, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na alitukaribisha vizuri hata nikakosa pa kuiweka hasira yangu.

"Shikamoo kaka," Scholastika akasema.

"Marahaba, mwalimu. Najua kilichowaleta. Kaeni kwenye jiwe hilo, ni kavu."

Akaendelea kukanyaga, na akatueleza bila ukali wowote.

"Mimi mtoto huyu nampenda kuliko roho yangu. Lakini ukoo wetu hesabu hazimo. Mimi nilifanya mtihani wa kidato cha nne, hesabu nikapata sifuri. Dada yangu, mama yake huyu, sifuri. Wadogo zetu hivyohivyo. Sasa huyu B ameitoa wapi? Kwa baba yake. Wilfred anaangalia ubao kwa jicho anakwambia urefu wake. Kichwa hicho ni cha kule."

"Kichwa ni chake, kaka," nikaingilia.

"Cha kuazima, mwalimu. Wewe ni wa huku, unajua. Shamba ukipewa upande wa baba unalilima, unakula, lakini siku ikifika linarudi kwa wenyewe. Na kichwa ndiyo hivyohivyo. Nimwache apande na kichwa cha watu, kimrudie baba yake kidato cha sita, abaki katikati ya mlima peke yake? Nani atamteremsha? Ni mimi."

Nilijiandaa kuhutubia. Nilikuwa na hoja za sayansi, na pengine na maneno mawili makali. Upendo alikuwa ameacha kusuuza, anatutazama, na kwa jinsi alivyokuwa akimtazama mjomba wake nilijua kwamba akikataliwa pale atakwenda kubonyeza HGL jioni ileile, tena bila kununa.

Scholastika akanigusa mkono ninyamaze. Akavua viatu, akaingia majini karibu na Lukasi, akaanza kuokota karoti zilizodondoka.

"Kaka, hujaniuliza mimi ni wa ukoo gani."

"Wewe si wa Matombo?"

"Matombo ni mahali. Mama yangu..." Akautaja ukoo wa mama yake, kisha jina la bibi yake mzaa mama, na bonde ambalo bibi zao walitokea kabla ya kutawanyika.

Lukasi aliacha kukanyaga. Ukoo alioutaja ulikuwa ukoo wake. Mimi pia nilibaki mdomo wazi. Miaka yote hiyo nimepakana naye meza, na hakuwahi kusema. Baadaye nilimwelewa: kwa Mlali, angelitamka hilo mara moja tu, nusu ya watoto wa shule wangekuwa wanawe kwa mila, na kila mama angekuja kumuuliza kwa nini mwanawe mwenyewe amempa D. Alikuwa amelificha ili asahihishe kwa amani. Sasa amelitoa mbele ya shahidi, tena shahidi mwenyewe mimi, ambaye sifa yangu ya kutunza siri haiko juu.

"Kwa hiyo wewe ni dada yangu," Lukasi akasema polepole.

"Mdogo wako. Na hesabu nimesoma hadi chuo, na baba yangu alikuwa hawezi hata kugawanya ndizi. Zimo, kaka. Kwenye ukoo zimo."

Nikafurahi. Kwa kweli nilikaribia kupiga makofi. Kisha nikamwona Lukasi uso wake, na furaha ikaniishia. Alikuwa ametazama chini kwenye gunia lake kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

"Basi mimi," akasema, "nilishindwa mwenyewe."

Mzee wa watu alikuwa ameishi na ile sifuri tangu ujana, na aliweza kuishi nayo kwa sababu ilikuwa ya ukoo mzima. Sasa tulikuja na bodaboda zetu tukaichukua kutoka kwa ukoo tukambebesha yeye peke yake. Niliona huruma hata nikatamani turudi, HGL na iwe HGL.

Scholastika alitumbukiza guniani karoti alizookota. Kisha akauliza kwa sauti ileile anayoitumia na watoto.

"Kaka, mpaka wapi ulikuwa unaelewa?"

"Zamani hiyo, mdogo wangu."

"Unakumbuka. Kila mtu anakumbuka."

Lukasi akafikiri. "Desimali nilikuwa naziweza. Na yale ya kutafuta x, tulikuwa tumeyaanza. Kidato cha pili. Halafu mwalimu akahama."

"Akaja nani?"

"Hakuja mtu. Tulikaa hivyohivyo hadi mtihani wa mwisho. Kipindi cha hesabu tulikuwa tunafyeka uwanja."

Scholastika akachovya kidole kwenye tope la ukingoni, na juu ya lile jiwe kavu akachora duara dogo.

"Umepotea hapa," akamwambia. "Kidato cha pili, mwalimu alipohama. Yaliyofuata huko chini si kosa lako, kaka. Mimi nisingeyagusa."

Lukasi alilitazama lile duara muda mrefu. Akajifuta uso kwa mkono uliolowa, ikawa vigumu kujua ni maji gani.

"Upendo," akaita bila kugeuka.

"Abee, mjomba."

"Huko kwenye mtandao wenu, usiguse kitu. Acha kama ulivyoandika." Kisha, baada ya kukanyaga karoti mara kadhaa: "Ila huyu sasa ni mama yako mdogo. Ukikwama kule juu utamrudia yeye, maana mimi sitaweza kukuteremsha."

"Ndiyo, mjomba," akasema Upendo, akainama kwenye karoti zake akilia waziwazi.

Habari zilifika Mlali kabla yetu, na safari hii si mimi niliyezipeleka. Wiki iliyofuata akina mama watatu walikuja ofisini na mafungu ya maharage kumsalimia ndugu yao, na kila mmoja, kwa bahati tu, alikuwa na mwana mwenye D. Scholastika aliwapokea wote na kuwaambia habari ya kliniki.

Ijumaa hiyo nilipita nje ya darasa nikasikia sauti ya Upendo ubaoni. Anakuja kusaidia wadogo zake wakati akisubiri kupangiwa shule. Nikachungulia dirishani. Alikuwa akieleza milinganyo, ile ya kutafuta x, chaki mkononi, kama mtu aliyezaliwa nayo. Dawati la mwisho, magoti yamegota chini ya meza, koti la kanisani mwilini na tope la Mgeta kwenye viatu, alikaa Mjomba Lukasi.

Upendo alifuta mstari mmoja, akaandika mwingine, akaendelea. Ndipo Lukasi akanyoosha mkono juu kabisa, kama wanavyofanya watoto.

"Mwalimu," akamwambia mpwa wake, "hapo sijaelewa. Rudia."

Na Upendo akarudia.