Meseji Iliyolala Ruhembe

Ukimkuta Editha pale ofisi ya chama cha wakulima wa miwa, Ruhembe, usidhani ule upole wake ni wa kuzaliwa nao. Ni upole wa mtu aliyefuga kisasi miezi mitano, akakilisha kila siku mpaka kikanenepa.

Kazi yake ni kutuma na kuangalia meseji ambazo kompyuta ya chama huzipeleka kwenye kompyuta ya kiwanda. Siku ya mkulima kuchoma miwa kabla ya kuvuna ikifika, hutuma mbili: moja kwa mkulima, achome, nyingine kiwandani, walete magari ya kuibeba. Muwa ukishaungua hausubiri mtu. Siku mbili tatu, umechacha.

Julai, Mzee Nyanda alipata meseji yake akachoma ekari nne. Magari hayakuja. Siku ya sita shamba lilinuka kama kilabu cha pombe, na nyuki wamejaa. Kwenye mkutano wa wanachama, meneja Kornelio akashika kipaza sauti.

"Editha alisahau kutuma. Mkitaka wa kumlaumu, huyo hapo."

Watu mia mbili wakageuza shingo. Mzee Nyanda hakutukana. Aliuliza tu, "Mwanangu, nilikukosea nini?" Bora angemchapa fimbo.

Kornelio hakumfukuza kazi. Nani mwingine angeuweza ule mfumo? Hapo ndipo alipojichimbia shimo, maana Editha alimchukia. Alimchukia akisonga ugali, alimchukia kanisani padri akihubiri msamaha. Mama yake alimwambia subira huvuta heri. Akasubiri kweli, ila alichokuwa anakivuta yeye hakikuwa heri.

Kila Kornelio alipokwenda kula mchana, Editha alifuatilia. Kila meseji ina namba yake, na kila mlango inaopita mfumo huandika saa na jina la aliyeigusa. Alianzia mwisho wa safari, akampigia Jenipher, fundi wa kompyuta kule kiwandani.

"Dada, hiyo namba huku haijawahi kufika," Jenipher akamjibu.

Basi ilikwama humu humu ndani. Akarudi nyuma mlango mmoja mmoja, wiki baada ya wiki, kwa sababu kumbukumbu za zamani zilishahamishwa na ilibidi azifukue. Siku alipoipata alicheka peke yake kama mwehu. Akaichapa, akaikunja, akaitia kwenye Biblia. Hakumwambia mtu.

Mkutano wa Desemba ulipofika kwenye mengineyo, akasimama.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba!"

"Nina karatasi ya safari ya ile meseji ya Mzee Nyanda. Naomba meneja atusomee, yeye ana sauti nzuri."

Watu wakacheka. Kornelio, mpenda kipaza sauti, akaipokea bila kuitazama.

"Saa mbili na dakika kumi asubuhi, imetumwa na Editha," akasoma, na sauti ikaanza kupungua. "Saa tatu, imesimamishwa. Magari yamehamishiwa shamba la..." Lilikuwa shamba la shemeji yake, na kila mtu Ruhembe alilijua. Kornelio alikusudia kuiachia meseji kesho yake, akaisahau.

"Soma, mwanangu," Mzee Nyanda akasema kutoka mstari wa mbele. "Imesimamishwa na nani?"

Jasho likamtoka meneja wa watu. Akatazama mlango, akatazama karatasi.

"Na Kornelio," akasema.

Ukumbi ukalipuka. Wengine walitaka aondoke kazini siku hiyo hiyo, na kweli wiki haikuisha akawa ameondoka. Lakini Editha hakuwa anasikiliza hayo. Kornelio alikuwa ameweka kipaza sauti chini, amemsogelea, ananong'ona.

"Dada Editha, nisamehe. Nilipitiwa."

Editha akakiokota kile kipaza sauti, akakifuta vumbi kwa kanga, akamwekea mdomoni.

"Mimi nimekusikia. Rudia, na wale wa nyuma wasikie."